Khutba ya Ijumaa: Mwenye Kuomba Himaya kwa Dharura

Khutba ya Kwanza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi ikawa pana, akawatawanya waja Wake ndani yake, na akajaalia baadhi yao wawe hifadhi ya wenzao. Tunamshukuru, tunamtaka msaada na tunamwomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye, na tunashuhudia ya kuwa Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mlio hapa msikitini na mnaosikiliza majumbani, akina mama mlioketi na watoto karibu na redio, na ninyi wanafunzi wa madrasa zetu: nakuusieni kumcha Mwenyezi Mungu, na naiusia nafsi yangu, ambayo kwa jambo la leo ndiyo yenye haja kubwa zaidi ya wasia huo.

Maudhui yetu ni mtu anayeomba kuingia katika nchi isiyo yake, si kwa biashara wala kwa matembezi, na wala si kwa nia ya kuhamia, bali kwa muda tu, kwa dharura iliyomfika. Mwanawe yu mahututi ng'ambo. Au nduguye anahitaji figo, na figo imfaayo ni yake yeye. Au ana maradhi ambayo tiba yake haipatikani kwao. Au anakimbia mauti na hajui pa kulala kesho. Mtu huyu husimama mlangoni pa watu na barua mkononi, na maisha ya nyumba nzima huwa yametundikwa katika barua ile.

Huenda mmoja wenu akasema, haya ni mambo ya balozi na serikali, yameingiaje katika mimbari? Yameingia, ndugu yangu, kwa sababu aliyewahi kusimama mlangoni namna hiyo ni Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe, na mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa ni wa mji aliozaliwa.

Mnakijua kisa cha Taif. Katika mwaka wa kumi wa utume, baada ya kufariki Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, Mtume (s.a.w.) alikwenda Taif pamoja na Zaid bin Haritha kuwalingania watu wa kabila la Thaqif. Walimkataa, wakawachochea wapumbavu wao na watoto wakampiga mawe mpaka miguu yake ikachuruzika damu. Sehemu hiyo kila mtoto wa madrasa huisimulia. Lakini wengi wetu hukomea hapo, tukasahau kuuliza: baada ya Taif, alirudije Makka? Zaid bin Haritha aliuliza. Alimwuliza Mtume njiani, utaingiaje kwao ilhali wao ndio waliokutoa? Kwa desturi ya Waarabu wa zama zile, mtu asiye na wa kumlinda alikuwa ni damu iliyo halali kwa yeyote. Abu Talib hayupo, na Abu Lahab, aliyeshika uzee wa ukoo baada yake, ni adui. Basi Mtume wa Mwenyezi Mungu alisimama nje ya mji wake, upande wa mlima wa Hira, akamtuma mjumbe aende mjini kumwombea himaya.

Mjumbe alikwenda kwanza kwa Akhnas bin Shariq. Akhnas akajibu kwamba yeye ni mtu wa mkataba tu na Makureshi, si wa damu yao, na mtu wa mkataba hana haki ya kutoa himaya dhidi ya wenyewe. Akapelekwa kwa Suhail bin Amri. Suhail naye akajibu kwamba ukoo wake hautoi himaya dhidi ya ukoo wa Kaab. Ndugu zangu, ziangalieni vizuri nyudhuru hizi mbili. Hakuna hata mmoja aliyesema, simtaki. Hakuna aliyetukana. Kila mmoja alitoa kanuni, na kanuni zenyewe zilikuwa sahihi katika desturi zao. Kisha kila mmoja akabaki nyumbani kwake na dhamiri yake imelala usingizi.

Mjumbe akapelekwa mara ya tatu, kwa Mut-im bin Adiy, mkubwa wa ukoo wa Naufal. Huyu hakuwa Muislamu, na alikufa bila ya kusilimu. Lakini alipoletewa habari aliwaita wanawe na watu wake, akawaamuru wavae silaha na wasimame penye nguzo za Al-Kaaba. Akatangaza mbele ya Makureshi kwamba Muhammad yumo katika himaya yake. Abu Jahl akamwuliza, wewe ni mlinzi tu au umemfuata? Akajibu kuwa ni mlinzi. Akaambiwa, basi uliyempa wewe himaya nasi tumempa. Mtume (s.a.w.) akaingia, akatufu, akasali rakaa mbili, akenda nyumbani kwake, na Mut-im na wanawe wamemzunguka.

Mtume hakuusahau wema ule. Baada ya vita vya Badr, walipoletwa mateka wa Kikureshi, alisema kwamba lau Mut-im angalikuwa hai akazungumza naye juu ya watu wale, angalimwachia wote. Amepokea hayo Imam Bukhari.

Basi himaya ya muda kwa mwenye dharura ni jambo linalojulikana katika dini yetu tangu mwanzo. Katika Suratut-Tauba, aya ya sita, Mwenyezi Mungu anaamuru kuwa hata mshirikina akiomba ulinzi apewe, apate kuyasikia maneno Yake, kisha afikishwe mahali atakapokuwa katika usalama. Zingatieni mpango wake: kuna kupokelewa, kuna muda wa kukaa, na kuna kurudishwa pake salama, na yote matatu ni wajibu juu ya mwenyeji. Wanavyuoni wakajenga juu yake mlango mzima wa fikihi, mlango wa amani, na mwenye kuingia kwa amani hiyo wakamwita mustaamini. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho mashehe wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, anataja kuwa muda wake usizidi miezi minne, na katika kauli nyingine yajuzu zaidi ya hapo maadam haukufika mwaka. Wahanafi nao wameweka mpaka wao chini ya mwaka. Na himaya hii si ya mfalme peke yake kuitoa. Siku ya kufunguliwa Makka, Bibi Ummu Hani binti Abi Talib aliwahifadhi wanaume wawili wa upande wa shemeji zake, ndugu yake Sayyidna Ali akataka kuwaua, na Mtume (s.a.w.) akapitisha himaya ya mwanamke yule.

Hivyo ndivyo atoavyo mwenyeji. Na mgeni je? Fukahaa wamesema waziwazi kwamba Muislamu aingiaye nchi ya wasio Waislamu kwa amani yao, ni haramu kwake kuwahini katika mali zao, nafsi zao au masharti waliyomwekea. Yule aliyekuruhusu amekuamini, na umemwahidi hata kama ahadi hiyo hukuitamka kwa ulimi.

Ajabu ni kwamba nchi za leo, zilipotunga sheria ya jambo hili, zimeangukia maana ileile. Marekani, katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, waliweka kipengele kinachompa mkuu wa serikali mwenye madaraka hayo uwezo wa kumruhusu mtu kuingia kwa muda hata kama hana viza. Mwaka 1996 sheria ikabanwa: kila ombi litazamwe peke yake, na sababu iwe ni dharura ya kibinadamu au manufaa makubwa ya umma. Ruhusa hii wanaiita parole, neno ambalo nasi tumelizoea kwa mfungwa anayeachiwa kabla ya muda wake. Nilimwuliza mwalimu wa Kifaransa asili yake, akaniambia kwamba katika lugha hiyo maana yake ni neno, yaani neno la mtu, ahadi anayoitoa na ikaaminiwa. Na sheria yao inasema kuwa aliyeingia kwa ruhusa hiyo hahesabiwi kuwa amekubaliwa nchini. Mwili wake umo ndani, lakini kwa hukumu bado amesimama kizingitini, na kinachomshikilia pale ni ruhusa aliyopewa na neno lake.

Sasa nitakusimulieni jambo lililotokea hapa Tanga, na katika jambo hilo mwenye kosa ni mimi.

Mwaka 2018, baada ya sala ya Alasiri, alinijia mzee mmoja katika wasali wetu. Binti yake alikuwa Marekani, mjane mwenye watoto wawili wadogo, na saratani imemlaza hospitali. Mama yake alikuwa amekwisha kuomba viza ya kawaida mara mbili akakataliwa. Wakaambiwa iko njia hii ya dharura. Daktari alikwisha kuandika barua, na mdhamini alikwisha kupatikana: hakuwa jamaa wala Muislamu, bali ni jirani wa yule binti, mwanamke aliyekuwa akiwapeleka watoto shule kila asubuhi tangu mama yao alipolazwa. Huyo aliweka saini kwamba atamlisha na kumlaza mgeni huyo asiyemjua. Ada ya ombi, dola 575, walichanga majirani wa mtaani. Kilichobaki ni barua ya imamu, yenye muhuri wa msikiti, kueleza mwombaji ni nani na kwamba ana cha kumrudisha kwao.

Dalali mmoja alikuwa amewafunza namna ya kuiandika. Alitaka iseme kuwa wale wazee wana nyumba yao na shamba la minazi. Nyumba ile walikuwa wamepanga vyumba viwili, na minazi ni ya kaka yake mzee. "Shehe," akaniambia, na machozi yanamlengalenga, "ni neno moja tu."

Nilikataa. Nilimweleza kwamba ushahidi wa uongo Mtume (s.a.w.) ameuhesabu katika madhambi makubwa kabisa, na kwamba aliposema hayo alikuwa ameegemea akaketi sawasawa, akaukariri mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Nikamwambia akafikiri, arudi. Yakaja matayarisho ya Maulidi, ikaja mitihani ya madrasa. Yule mzee naye aliona haya kunijia tena. Siku ya kumi na moja ndipo nilipoketi nikaandika barua ya kweli: kwamba wamepanga vyumba viwili, kwamba mama huyu amewafundisha watoto wa kike Juzuu Amma barazani kwake kwa miaka ishirini, kwamba mumewe ana kisukari na hana mwingine wa kumwangalia, na kwamba hayo ndiyo yatakayomrudisha. Barua ilinichukua muda usiozidi ule wa baina ya Magharibi na Isha.

Ruhusa ilitoka. Ilipofika, binti alikuwa amezikwa siku sita.

Ndugu zangu, sikuhitaji mwalimu wa kunifundisha hesabu ile. Siku kumi na moja nilizokaa nikijiona mchaji kwa kukataa uongo, nilikuwa nimetimiza nusu ya wajibu na kuiita kamili. Nusu ya pili ilikuwa ni kuandika ukweli jioni ileile. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, na muhuri ulikuwa mtotoni mwa meza yangu. Nilimpa mwenye dharura kanuni iliyo sahihi, nikarudi nyumbani, kama alivyofanya Akhnas, kama alivyofanya Suhail. Na yule jirani wa kule, asiyeijua kibla chetu, ndiye aliyesimama mahali pa Mut-im.

Kisa hakikuishia hapo. Ruhusa ile ilikuwa imekwisha kutolewa, na waliotoa hawakuwa na habari ya msiba. Dalali akarudi na shauri lake: nyamazeni, asafiri, akifika huko ndiko atakakoeleza. Yule mama hakunituma mtu. Alikuja mwenyewe na kanga ya eda ya mwanawe, akasimama mlangoni pa madrasa, akasema, "Shehe, ile sababu niliyoombea haipo tena. Niandikie nyingine."

Niliposikia hivyo nilikumbuka siku ya pili ya Najashi. Mnajua kwamba Waislamu waliohamia Uhabeshi mwaka wa tano wa utume waliomba hifadhi tu, wala hawakwenda kuitwaa nchi ya watu. Makureshi wakawatuma Amri bin Al-As na Abdalla bin Abi Rabia, na zawadi za ngozi, kuwataka warudishwe. Siku ya kwanza Najashi alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza, na Sayyidna Jaafar bin Abi Talib akasema kwa ufasaha, akamsomea mwanzo wa Surat Maryam, mfalme akalia. Wangaliweza kusema kuwa mambo yamekwisha. Lakini kesho yake Amri alirudi na neno zito: waulize wanasemaje juu ya Isa. Bibi Ummu Salama, aliyekuwako na ndiye aliyetupokelea kisa hiki, anaeleza kwamba hawakuwahi kufikiwa na jambo gumu kama lile. Wakakusanyika kushauriana. Kweli ya siku ya kwanza ilikuwa inawafaa. Kweli ya siku ya pili, kwa mfalme wa Kinasara, ingaliweza kuwatoa nje ya mlango. Wakaafikiana kusema vile alivyosema Mwenyezi Mungu na alivyoleta Mtume wao, na liwe litakalokuwa. Jaafar akasema kwamba Isa ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Mfalme akawathibitishia usalama wao, na zawadi za Makureshi zikarudishwa.

Nikamwandikia yule mama barua ya pili, papo hapo, amesimama. Wakubwa wa kule walilitazama upya shauri lake, wakamruhusu miezi mitatu kwa ajili ya wale mayatima. Alikaa wiki tisa. Mahakama ya huko iliporidhia, akarudi nao kabla ya siku yake kwisha.

Naogopa mtu asije akadhani nasema kwamba kila asemaye kweli hufunguliwa. Sivyo. Mwezi wa Oktoba 2016 mume na mke wa Kisiria kutoka Halab, na watoto wao watatu wadogo, walikwenda katika ubalozi wa Ubelgiji mjini Beirut wakaomba viza ya muda mfupi kwa sababu za kibinadamu. Walikuwa Wakristo. Hawakuficha kitu: walisema kwamba wakifika wataomba hifadhi. Kesho yake wakarudi Halab, mji uliokuwa unapigwa mabomu, kungoja jibu. Ombi likakataliwa, na mwezi wa Machi 2017 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba, kwa kuwa nia yao ni kukaa zaidi ya siku tisini, sheria ya viza ya Umoja huo haiwahusu, na kila nchi ifuate sheria yake. Ukweli wao ndio uliowatoa nje ya kanuni. Na ilipoanguka serikali ya Kabul mwezi wa Agosti 2021, Marekani iliwachukua Waafghani zaidi ya sabini elfu kwa ruhusa hii ya muda. Lakini waliobaki nyuma, jamaa zao wakawaombea: maombi zaidi ya arubaini elfu, karibu kila moja na ada yake, na waliokubaliwa katika mwaka wa kwanza walikuwa wachache mno. Ubalozi wa Kabul ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hata mwenye kutazamiwa kukubaliwa alitakiwa kwanza avuke kwenda nchi nyingine ili akasailiwe. Hao hawakusema uongo. Malipo yao yako kwa Mola wao, na hesabu ya waliofunga milango iko kwake pia.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kughufiria.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa wema Wake, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Enyi Waislamu, nitasema maneno machache ya kazi.

Mwenye jamaa aliyepatwa na dharura ng'ambo asingoje mpaka mambo yaharibike. Atafute barua ya daktari yenye tarehe, yenye kutaja ugonjwa kwa jina lake na muda unaotazamiwa. Barua inayosema tu kwamba mtu ni mgonjwa sana haimsaidii msomaji aliye mbali. Atafute mdhamini mwenye uwezo wa kweli, si jina la kukopa. Aeleze kwa nini viza ya kawaida haikufaa au haitawahi. Na ajue tangu mwanzo kwamba ruhusa ya namna hii ni fadhila ya mwenye nchi, si haki ya mwombaji; ikikataliwa hapana rufaa, ila kuomba upya kwa hoja mpya, na ada haimnunulii mtu jibu. Dalali yeyote anayekuhakikishieni ruhusa kwa fedha anauza kitu ambacho si chake.

Aliyepewa naye aihesabu siku yake. Isitoshe, ajue kuwa ruhusa ya muda inaweza kukatwa hata kabla ya muda. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruhusa za takriban nusu milioni ya watu kutoka Kuba, Haiti, Nikaragua na Venezuela, waliokuwa wameingia kwa njia hii na kufuata masharti yake. Kwa hiyo mtu asiuze kila alichonacho kwao akaifanya ruhusa ya muda kuwa ni maskani. Hata wale Waislamu wa kwanza wa Uhabeshi, baadhi yao walisikia uvumi kwamba watu wa Makka wamesilimu, wakarudi kwa haraka, na walipokaribia wakakuta ni uongo. Hawakuweza kuingia mjini kwao ila kwa himaya ya mtu au kwa kujificha.

Wala tusiwe watu wa kubisha hodi za wengine tu. Mwezi wa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Wanakijiji wa huko hawakuwa na fomu ya kumpa mtu. Nasikia siku hizi vijana wetu wakimwita mgeni aliyekimbia vita kwa majina yasiyofaa kutajwa katika mimbari. Mwenye mtoto wa namna hiyo amsimulie kisa cha Mtume (s.a.w.) alivyosimama nje ya Makka na mjumbe wake amekwenda kuomba.

Tena kuna hili. Katika madrasa yetu, kila siku baada ya Isha isipokuwa Ijumaa, huketi walimu wawili na meza, karatasi na muhuri. Mwenye haja ya barua kwa ajili ya mgonjwa au maiti aliye mbali huandikiwa usiku huohuo, kwa kweli iliyopo, bila ya malipo. Ikiwa kweli iliyopo ni ndogo, huandikwa hiyo ndogo. Tulianza mwaka 2018 na tumeendelea. Maimamu wa misikiti mingine mnaonisikiliza, jambo hili halina gharama, meza mnayo.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu walio ugenini, na walaini mioyo wale ambao funguo za milango zimo mikononi mwao. Wahifadhi wanaongoja mipakani na katika mahema, Waislamu na wasio Waislamu, Wewe ndiwe Mola wao wote. Mrehemu yule binti aliyefariki na mama yake hayupo kitandani pake, na wakuze watoto wake wawili, waliomo humu leo katika safu ya wanafunzi, wakue katika radhi Zako. Na yasamehe makosa ya waliochelewa.

Mpe nguvu mwadhini akimu. Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.